Mwananchi Ameshaelimishwa vya Kutosha

Ukipewa andiko la mradi wa kuboresha uhusiano kati ya serikali na wananchi, ruka utangulizi uende moja kwa moja kwenye jedwali la shughuli. Utamkuta mwananchi anaelimishwa, anahamasishwa, anajengewa uwezo, anapewa taarifa, anaalikwa mkutanoni na kuombwa atoe maoni kwa uhuru. Serikali, ambayo ndiyo upande wa pili wa uhusiano huo, hutokea mara mbili: siku ya kufungua warsha na siku ya kuifunga.

Kazi yangu ni kuhariri taarifa za tathmini, na nyingi za aina hii zimepita mikononi mwangu. Kwamba miradi hii mara nyingi haifiki inakolenga si jambo la kushangaza. Kinachonishangaza ni maelezo yanayotolewa inapokwama. Mwitikio wa wananchi ulikuwa mdogo. Uelewa wao bado uko chini. Elimu zaidi inahitajika. Kisha zinaombwa fedha za awamu ya pili, na awamu ya pili ni kuelimisha tena. Ndipo nilipoanza kuzitafuta tafiti zenyewe, zile ambazo taarifa hizo huzitaja kwenye aya moja na kupita haraka, nione zinasema nini hasa.

Tafiti zipo, na si chache. Tangu miaka ya 2000 wachumi na wanasayansi ya siasa wamekuwa wakigawa vijiji, shule na zahanati kwa bahati nasibu: hivi vipate mradi sasa, hivi vibaki kama vilivyo, kisha makundi mawili yanalinganishwa. Njia hii ina kasoro zake, mojawapo ikiwa ni kupenda mno vitu vidogo vinavyohesabika. Lakini inamnyima mwenye mradi nafasi ya kujisifia mvua iliyonyesha yenyewe, na kwa hilo peke yake naiheshimu.

Gazeti na hazina

Imani ya kwamba taarifa inatosha ina hadithi yake ya asili, na ni hadithi tamu. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali ya Uganda ilikuwa ikizipelekea shule za msingi. Hazina ilitoa fedha, lakini mwaka 1995 kilichofika shuleni kilikuwa takriban asilimia 24. Sehemu kubwa iliishia njiani, wilayani. Baadaye serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika matangazo ya fedha zilizopokea ili mzazi yeyote asome. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80 ya stahili zao, na zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilinufaika zaidi.

Nani asingeipenda hadithi kama hiyo? Gazeti ni rahisi kuliko mahakama, na halimkasirishi mtu mkubwa. Hadithi ikasafiri kila kona ya dunia ya maendeleo ikibeba somo moja jepesi: mpe mwananchi taarifa, mengine atayamaliza mwenyewe.

Mwaka 2007 Paul Hubbard aliirudia ile kesi taratibu. Akakumbusha kwamba katika miaka hiyo hiyo mambo mengine mengi yalikuwa yakibadilika Uganda. Mwaka 1997 ilianzishwa elimu ya msingi bila ada. Utaratibu wa kutuma na kusimamia fedha ulikuwa ukikazwa kutoka juu. Wafadhili nao walikuwa wakiibana serikali juu ya suala hilo hilo. Hakusema gazeti halikusaidia kitu. Alisema halikuwa peke yake. Mimi naisoma hivi: gazeti lilichapisha namba, na nyuma ya namba ile kulikuwa na hazina iliyokuwa tayari kumwita ofisa wa wilaya ajieleze. Nusu ya hadithi, ile ya gazeti, ilipata pasipoti ikazunguka dunia. Nusu ya hazina ilibaki nyumbani.

Uganda ndiko ilikotoka pia hadithi ya pili, ya afya. Martina Björkman na Svensson walichapisha mwaka 2009 utafiti uliofanyika katika jamii 50 za wilaya 9. Asasi za hapo hapo ziliwaonyesha wanakijiji na wahudumu wa zahanati kadi ya tathmini: watu wanasubiri muda gani, wahudumu wanakosekana kiasi gani, dawa zipo au hazipo. Wanakijiji wakakaa peke yao, wahudumu wakakaa peke yao, kisha pande mbili zikakutana na kuandika mpango wa pamoja. Baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa theluthi moja, na wanaokwenda kutibiwa wameongezeka kwa asilimia 20.

Kwa mikutano tu! Niliposoma namba hizo mara ya kwanza nilirudi juu kuhakikisha sijakosea mstari.

Kisha wakaja Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson. Walichukua mpango uliofanana na ule, nchi ile ile, safari hii kwa vituo vya afya 376 katika wilaya 16. Ubora wa matibabu ulipanda kidogo, na wagonjwa waliridhika zaidi kidogo. Idadi ya wanaohudhuria haikubadilika, vifo vya watoto havikupungua zaidi ya kule kusiko na mradi, na hapakuwa na dalili kwamba wananchi walianza kuwasimamia au kuwabana wahudumu zaidi ya zamani. Utafiti mwingine mkubwa, uliofanyika Indonesia na Tanzania katika vijiji 200 kwa kila nchi, ulijaribu kitu cha ukoo huo huo kwa afya ya mama na mtoto. Kwa wastani, haukuona mabadiliko katika huduma ambazo akina mama walizipata.

Ugomvi wa kitaalamu kati ya utafiti wa kwanza na wa pili haujaisha, na sitajifanya mwamuzi. Björkman na wenzake walirudi kwenye zahanati zao miaka kadhaa baadaye wakakuta faida bado ipo, na walionyesha pia kwamba mikutano isiyo na takwimu za zahanati yenyewe haikuzaa chochote. Kwa hiyo kuna mahali ilifanya kazi kweli. Ila mtu anayenunua mpango huu leo kwa kutegemea ile theluthi moja ya mwaka 2009 ananunua tiketi ya bahati nasibu.

Kumpigia mbuzi gitaa, ila mbuzi si yule unayemdhani

Evan Lieberman, Posner na Lily Tsai walikwenda vijijini Kenya kuangalia kilichotokea kwa wazazi waliopewa matokeo ya mtihani mdogo wa kusoma na kuhesabu wa watoto wao, pamoja na maelezo ya hatua wanazoweza kuchukua. Wazazi wale hawakuwa wamebadilika. Watafiti hawakuishia hapo. Waliorodhesha maswali ambayo mzazi lazima ayajibu ndiyo kabla taarifa haijageuka kuwa tendo. Je, ameielewa? Ni mpya kwake? Inamgusa? Anaona ni jukumu lake? Anajua afanye nini? Anaamini kwamba akifanya, kitu kitabadilika? Anadhani wenzake nao watajitokeza? Jibu moja likiwa hapana, mnyororo umekatika.

Orodha ile ndiyo iliyonifungua macho. Semina zote ninazozijua zinashughulikia maswali ya mwanzo. Lakini swali la kama kitu kitabadilika halijibiwi kwa semina, kwa sababu jibu lake haliko kwa mzazi. Liko kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi ya elimu, kwa mtu mwenye uwezo wa kumhamisha mwalimu asiyefika kazini na ambaye kwa miaka yote hajamhamisha. Mzazi anayejibu hapana hakukosa elimu ya uraia. Anayo, tena ya vitendo.

Hapo unaweza kuuelewa mradi wa Maji Matone wa Tanzania, ulioendeshwa na shirika la Daraja. Mwananchi akiona bomba la kijiji limekufa, atume ujumbe wa simu. Ujumbe ufikishwe kwa mhandisi wa maji wa wilaya na kwenye vyombo vya habari. Jumbe zilizokuja zilikuwa chache mno, na shirika lenyewe likatangaza hadharani kwamba mradi umeshindwa na kueleza sababu, jambo ambalo kwenye tasnia hii ni nadra kama mfadhili anayerudi kuuliza. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Wachotaji maji ni wanawake na watoto, na simu mara nyingi si yao. Mtandao unasumbua. Mtu pia anapima: nikilalamika kwa jina langu, wakubwa wa hapa watanionaje, na huyo mhandisi atakuja kweli?

Nchini India, katika wilaya ya Jaunpur, Abhijit Banerjee na wenzake walizikuta kamati za elimu za vijiji ambazo kisheria zina uwezo mkubwa juu ya shule. Baadhi ya wanakamati hawakujua kwamba wao ni wanakamati. Mradi ukafanya mikutano, ukawaeleza watu haki zao, ukawafundisha kupima watoto wao kusoma. Shule za serikali hazikuguswa na lolote kati ya hayo. Lakini katika vijiji ambako vijana wa kujitolea walifundishwa namna ya kuendesha madarasa ya kusoma nje ya saa za shule, watu walijitolea, na watoto waliohudhuria walisonga mbele sana. Hapo ile hoja ya mwananchi mzito wa kushiriki inakufa. Walipopewa njia isiyopita mlangoni mwa ofisi, waliifuata. Walipoambiwa wapite mlangoni, walikaa nyumbani.

Habari za uchaguzi ni hivyo hivyo, na nitazipitia upesi. Timu kadhaa zilikubaliana kufanya majaribio yanayofanana Benin, Brazil, Burkina Faso, Meksiko na Uganda: wapiga kura wapewe taarifa za utendaji wa viongozi wao kabla ya kura. Matokeo ya pamoja yalichapishwa mwaka 2019. Kwa wastani, taarifa hazikubadili kura. Kuna hata pale zinapoharibu. Huko Lagos, Nic Cheeseman na Caryn Peiffer waliwapa watu ujumbe mbalimbali wa kupinga rushwa, kisha wakawaingiza kwenye mchezo wenye pesa halisi ambamo mtu aliweza kuhonga. Ujumbe haukuwazuia, na baadhi ya jumbe ziliwaongezea hamu ya kuhonga. Haishangazi ukifikiri kidogo. Ukimwambia mtu kila siku kwamba rushwa imeenea kila mahali, amekusikia vizuri: kila mtu anatoa, mimi nani nisitoe?

Mwenye kalamu ya kuadhibu

Upande mwingine wa rafu kuna tafiti zinazosimulia kitu tofauti, na zinasomwa kidogo na wanaoandika maandiko ya miradi.

Benjamin Olken alifanya jaribio katika zaidi ya vijiji 600 vya kisiwa cha Java, Indonesia, vilivyokuwa vinajenga barabara kwa fedha za mradi. Ili kujua kilichoibwa, timu yake ilichimba barabara zilizokamilika, ikapima mawe, mchanga na kokoto zilizomo, ikalinganisha na hesabu za vitabuni. Baadhi ya vijiji viliambiwa mapema kwamba vitakaguliwa na wakaguzi wa serikali kwa hakika. Kabla ya hapo uwezekano wa kukaguliwa ulikuwa asilimia 4. Vingine vilipelekewa mialiko kwa mamia ili watu wafike kwenye mikutano ya kutoa hesabu, na wakati mwingine karatasi za maoni zisizo na majina.

Hakika ya kukaguliwa ilipunguza fedha zilizopotea kwa takriban pointi 8 za asilimia. Mialiko iliwaleta watu mkutanoni, wakazungumza, wakauliza maswali, na kwa wastani upotevu haukubadilika kwa kiasi cha maana.

Utamu wa utafiti huu uko kwenye vijambo vyake vya pembeni. Ushiriki wa wanakijiji ulipunguza wizi wa mishahara ya vibarua, kwa sababu kibarua anajua alilipwa ngapi na yuko tayari kupiga kelele. Haukupunguza wizi wa kokoto, maana kokoto zilizokosekana ni za kila mtu, kwa hiyo si za mtu. Karatasi za maoni zilisaidia pale zilipogawiwa kupitia shule, na hazikusaidia zilipogawiwa kupitia viongozi wa mitaa, wanaojua wampe nani. Na vijiji vilivyojua vinakaguliwa viliajiri zaidi ndugu wa viongozi kwenye ujenzi! Mlango mmoja ukifungwa, mtu hutafuta dirisha. Wapenzi wa ukaguzi, nikiwemo mimi, tunapaswa kuisoma sentensi hiyo mara mbili.

Brazil ilianza mwaka 2003 kuchagua manispaa za kukaguliwa kwa bahati nasibu, hadharani. Claudio Ferraz na Frederico Finan walionyesha kwamba ripoti za ukaguzi zilizotoka kabla ya uchaguzi ziliwapunguzia mameya wabadhirifu nafasi ya kuchaguliwa tena, hasa palipokuwa na redio ya hapo hapo. Hapa taarifa ilifanya kazi, na ni haki kulisema hilo baada ya yote niliyoyaeleza. Ila taarifa hiyo ilitoka kwenye chombo cha dola chenye mamlaka, si kwenye kipeperushi cha mradi. Miaka kadhaa baadaye, pamoja na Eric Avis, walikadiria kwamba manispaa iliyowahi kukaguliwa hupunguza ubadhirifu kwa asilimia 8 siku za mbele, na kwamba sehemu kubwa ya athari hiyo inatokana na hofu ya mkono wa sheria kuliko hofu ya kura.

Ninaoupenda kuliko yote ni utafiti mdogo wa Leonid Peisakhin na Paul Pinto, Delhi. Wakazi maskini wa vitongoji duni walikuwa wanaomba kadi ya mgao wa chakula. Kundi moja lilipeleka maombi likasubiri. La pili liliambatanisha barua ya kuungwa mkono na asasi. La tatu lilitumia sheria ya haki ya kupata taarifa kuuliza rasmi maombi yao yamefikia wapi. La nne lilitoa rushwa. Waliohonga walipata kadi haraka kuliko wote. Waliotumia sheria hawakuwa nyuma yao sana. Wale wa makundi mawili ya kwanza, wengi wao, bado walikuwa wakisubiri utafiti ulipokwisha, ikiwa ni pamoja na waliobeba barua nzuri ya asasi.

Kwa nini karatasi moja ya kuuliza ikaribie nguvu ya hongo? Sheria ile ya mwaka 2005 inasema ofisa anayechelewesha jibu bila sababu anatozwa yeye binafsi rupia 250 kwa siku, hadi 25,000. Inatoka mfukoni mwake, si kwenye bajeti ya idara. Ofisa akiiona karatasi hiyo mezani anafanya hesabu, na kwa mara ya kwanza hesabu inamwelekea mwombaji. Maskini wa Delhi hawakuelimishwa kuwa raia bora. Aliyebadilishiwa mazingira ni mtu wa upande wa pili wa dirisha.

Jonathan Fox alilisema hili mwaka 2015 baada ya kupitia tafiti nyingi: sauti ya wananchi inahitaji meno ya dola, na miradi inayoleta kimoja bila kingine isishangae ikipata nusu. Katika mapitio mapana yaliyotolewa mwaka 2019, Hugh Waddington na wenzake walikusanya tathmini za programu 35 kutoka nchi 20. Waliona matumaini zaidi pale wananchi wanapokutana ana kwa ana na wanaowahudumia, kama zahanati, kuliko pale jambo linapokuwa mbali na macho yao. Hata hapo ubora wa huduma ulipanda kwa urahisi zaidi kuliko ustawi wenyewe wa watu.

Askari waliokwenda kusalimia

Mtu anaweza kusema tatizo ni kwamba pande mbili hazijakaa pamoja vya kutosha. Hilo nalo limepimwa, kwa jaribio kubwa ambalo sijaona jingine la kulingana nalo. Watafiti wakiongozwa na Graeme Blair, Fotini Christia na Jeremy Weinstein walishirikiana na polisi wa Brazil, Kolombia, Liberia, Pakistani, Ufilipino na Uganda kuanzisha polisi jamii: doria za miguu, mikutano na wakazi, namba za kupiga kutoa taarifa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Imani kwa polisi haikupanda. Uhalifu haukushuka. Wakazi hawakutoa taarifa zaidi.

Sababu walizozitaja watafiti ndizo zile ambazo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi karibu na serikali angezitaja usingizini. Wakuu waliokubali mpango walihamishwa. Askari waliofundishwa walihamishwa pia. Waliobaki hawakuwa na vifaa wala muda wa kufuatilia yale ambayo wananchi waliwaambia. Kwa hiyo wakazi walisikilizwa kwa adabu, na kero zao zikabaki palepale.

Kwa upande mwingine, huko New Haven, Marekani, ziara moja tu ya askari kwenye mlango wa mtu, bila kosa lolote linalochunguzwa, iliboresha maoni juu ya polisi, na athari ilikuwa bado ipo siku 21 baadaye. Sioni mgongano. Salamu njema inabadili maoni kwa wiki kadhaa mahali ambapo nyuma ya salamu kuna kituo kinachofanya kazi. Nini kinabaki baada ya mwaka, hilo ni suala la kituo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na hata baadhi ya watafiti ninaowaheshimu. Wengi hupima uhusiano kwa kuuliza, unaiamini serikali kwa kiasi gani? Imani ikipanda, mradi umefaulu. Lakini imani ipande kwa sababu gani? Mwaka 2009 huko Meksiko wapiga kura walipewa taarifa za ubadhirifu wa manispaa zao, na kura za walio madarakani zikapungua, na za wapinzani wao zikapungua pia, kwa sababu watu wengi waliamua kutokwenda kupiga kura kabisa. Kwenye jedwali la mfadhili hilo ni anguko. Mimi naona watu waliosoma namba na kutoa hukumu. Kama ofisi haistahili kuaminiwa, mradi unaowafanya watu waiamini umewapotosha, hata kama asilimia zimependeza.

Ndiyo maana nimeupenda utafiti wa Sierra Leone wa Katherine Casey, Rachel Glennerster na Edward Miguel, ambao hawakutosheka na kuuliza. Mradi wa GoBifo ulikuwa umepeleka fedha na wawezeshaji vijijini ili maamuzi yawe ya wote, wanawake na vijana wakiwemo. Katika vijiji 236, vyenye mradi na visivyo na mradi, watafiti walileta zawadi: kijiji kichague chumvi au betri. Kisha wakakaa pembeni wakaandika. Nani amezungumza? Wazee wamejitenga wakaamua peke yao? Kura imepigwa? Katika vijiji vya mradi majengo yalikuwa yamejengwa, vizuri tu, na uchumi ulichangamka. Ila kwenye kuchagua kati ya chumvi na betri, wanawake hawakuwa na sauti zaidi kuliko kule ambako mradi haukufika.

Kodi, kwa mshangao wa wengi

Kama kuna utafiti ulionivuruga mpangilio mzuri wa mawazo, ni wa Jonathan Weigel kutoka Kananga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2016 serikali ya mkoa, ambayo kwa kawaida haikuwa ikikusanya kodi ya majengo kwa wakazi wa kawaida, ilituma wakusanyaji nyumba kwa nyumba katika mitaa iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya mitaa 356. Ulipaji ulipanda kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 10. Hilo lilitarajiwa. Kisha Weigel akaangalia nani anakuja kwenye mikutano ya hadhara na nani anawasilisha tathmini ya kazi za serikali. Mitaa iliyofuatwa na watoza kodi ilishiriki zaidi, kwa takriban pointi 5 za asilimia. Hakuna aliyewahamasisha, na hawakupewa fulana wala posho ya nauli.

Maelezo yake ni kwamba kumwona mtoza kodi mlangoni kuliwafanya wakazi waone kwamba serikali ipo na ina uwezo kuliko walivyodhani, na kwamba kudai sehemu yao kunaweza kulipa. Ni ajabu kwamba tendo linaloudhi kuliko yote ambayo serikali humfanyia raia limefanya kile ambacho semina hazikufanya. Wenye hamu ya kodi wasikimbilie kunukuu hapa: ulipaji wenyewe bado ulikuwa wa watu wachache, na mkoa ambao ungechukua fedha mwaka baada ya mwaka bila kurudisha kitu ungevuna kitu kingine.

Miji ya Brazil ilikuwa na njia yake, bajeti shirikishi, iliyoanzia Porto Alegre mwaka 1989, ambamo wakazi waliamua sehemu ya matumizi ya manispaa. Sónia Gonçalves alikuta kwamba manispaa zilizoifuata zilielekeza fedha zaidi kwenye maji taka na afya, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Michael Touchton na Brian Wampler waliona kwamba athari hukua kadiri utaratibu unavyodumu miaka mingi. Ukiwa kwenye mkutano wa namna ile, ulichokipigia kura kinaingia kwenye bajeti na mwakani unauliza kimefika wapi. Porto Alegre yenyewe iliusimamisha utaratibu huo mwaka 2017. Kilichojengwa na utawala mmoja, mwingine unaweza kukizima, na hakuna uhodari wa wananchi unaokikinga peke yake.

Kwa hiyo siku hizi andiko jipya likifika mezani kwangu sianzi na lugha. Natafuta mahali palipoandikwa kitakachompata ofisa fulani mwenye cheo kinachojulikana iwapo malalamiko yaliyopokelewa hayatajibiwa: nani ataona, baada ya siku ngapi, na atakuwa na uwezo gani juu yake. Mara nyingi sipaoni, nami huandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Mwandishi hunijibu kwamba hilo liko nje ya mawanda ya mradi, kwamba serikali ni mshirika na hatuwezi kumwekea masharti mshirika.

Huko Telangana, India, mwaka 2018 serikali ya jimbo ilikuwa inawagawia mamilioni ya wakulima hundi za ruzuku. Karthik Muralidharan na wenzake walipendekeza kitu cha bei ndogo: maofisa wa kilimo wa maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu waambiwe kwamba wakulima wao watapigiwa simu kuulizwa kama wamepata hundi, na kwamba majibu yatatumika kupima utendaji wa maofisa hao. Tangazo hilo lilitolewa kabla ya hundi kugawiwa. Wakulima hawakufundishwa chochote, na wengi hata hawakujua kwamba kuna simu itakayopigwa. Waliopata hundi zao, na waliozipata kwa wakati, waliongezeka. Ongezeko lenyewe lilikuwa dogo, lakini likigawanywa kwa gharama ya kupiga simu, ni vigumu kupata semina inayolikaribia.